Basi Lisilozimwa

Asubuhi katika nyumba ile haikuanza na chai. Ilianza na kusukuma.

Baba Chiriku alipanda basi lake dogo la kubeba wanafunzi, akashika usukani. Mama Chiriku alivua ndala, akakunja sketi, akaegemeza bega nyuma ya basi. Mteremko wa pale uani ulimsaidia kidogo.

"Haya, mama watoto, tia nguvu!"

"Njoo usukume wewe, mimi nikae hapo!" mama alijibu huku anahema. "Niliolewa na wewe, sikuolewa na basi."

Basi likakohoa, likatikisika, likawaka. Moshi mweusi ukampiga mama usoni. Akacheka, akajifuta kwa kiganja.

Tangu hapo injini ile haikuzimwa mpaka jioni. Baba akishuka kununua mkate, injini inanguruma. Akisubiri wanafunzi getini, inanguruma. Hata akienda chooni, inanguruma. Aliogopa kwamba akiizima mbele za watu, haitawaka. Na wazazi wakiona basi linasukumwa, nani atampa mtoto wake ambebe?

Binti yao alisoma darasa la pili. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akipiga mswaki, aliongea akivaa viatu. Lakini siku za karibuni alikuwa kimya. Kifua kilimbana. Alikohoa kikohozi kikavu, na akivuta pumzi, kifua kilitoa sauti kama filimbi.

Mama alihangaika. Usingizi ulimwisha. Kisha akagundua jambo. Siku za mapumziko mtoto alipata nafuu, akaongea. Siku za shule zikirudi, na kifua kinarudi.

"Ni chaki," alimwambia mumewe. "Mwalimu anafuta ubao, vumbi lote linamwingia mwanangu."

"Au ni baridi ya asubuhi," baba alisema.

Basi mama akamvika sweta mbili. Akaagiza madirisha yote ya basi yafungwe. Na Chiriku, kwa kuwa ni mtoto wa mwenye gari, alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Mlango huo haukufunga vizuri. Ulishikiliwa kwa kamba ya mpira.

"Viti vya mbele ni vya watoto wa watu," mama alimfundisha. "Wewe uko kwenu."

Mchana mmoja mama aliacha cherehani yake, akaenda shuleni kumkabili mwalimu kuhusu hiyo chaki. Njia nzima alipanga maneno. Kwa mwalimu hakufika.

Getini mabasi yalikuwa yamepangana. Watoto wadogo walikuwa wameshapanda, wakisubiri wenzao wa madarasa ya juu. Mabasi mengine yalikuwa yamezimwa. La mumewe lilinguruma. Kwenye dirisha la dereva alisimama Bibi Afya wa halmashauri, yule anayekagua visima na vyoo vya mtaa.

"Kaka, habari za kazi? Naomba uzime gari."

"Nzuri, dada yangu. Naondoka sasa hivi."

"Hiyo sasa hivi umenipa tangu nilipofika. Sheria ndogo ya halmashauri imeshaanza. Gari likisimama mbele ya shule, zahanati au soko, injini izimwe. Na gari lenye moshi mweusi lipelekwe kupimwa."

"Mnatuonea sisi wanyonge tu! Moshi wenyewe unapanda juu huko, unamdhuru nani?"

Dereva wa basi la jirani akadakia. "Bibi Afya, mwache! Akizima hapo, sote tutavua mashati tusukume!"

Watu wakacheka. Baba Chiriku hakucheka.

Mama alizunguka nyuma amwone mwanawe. Alipofungua ile kamba ya mpira, moshi ulimpiga kama amefunua jiko. Chiriku alikuwa ameinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama, si..."

Neno halikumalizika. Filimbi ililia kifuani.

"Zima gari!" mama alipiga ukelele. "Baba Chiriku, moshi uko humu ndani! Zima!"

"Nikizima haliwa..."

"Zima, nimesema!"

Akazima. Bibi Afya akawashusha watoto wengine haraka. Baba alimbeba Chiriku, akavuka naye barabara mbio mpaka zahanati. Yule dereva mwenye utani ndiye aliyewachukua watoto waliobaki, akawafikisha makwao bila kuombwa.

Muuguzi alimkalisha Chiriku wima, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Taratibu mabega yakatulia. Rangi ikarudi usoni. Mama ndipo alipoona kwamba bado ameishika ile kamba ya mpira.

Bibi Afya alikuja akakaa nao kwenye benchi.

"Nilifunga madirisha asipate baridi," mama alisema. "Na kile kiti, mimi ndiye niliyemkalisha."

"Usijilaumu, mama. Ulikuwa unamkinga. Ila gari likisimama, moshi unabaki palepale, unatafuta tundu. Mlango wenu wa nyuma uko juu ya bomba la moshi. Ukifunga madirisha, umeufungia ndani pamoja na watoto."

"Na moshi usipokuwa mweusi?" baba aliuliza.

"Hata usiouona una sumu. Ule mweusi unakwambia tu kwamba injini nayo inaumwa. Mapafu ya mtoto bado yanakua, kaka. Hayawezi."

"Lakini kuzima na kuwasha si ndiyo kumaliza mafuta?"

"Wengi wanasema hivyo. Gari linalosubiri huku linanguruma linakunywa mafuta na haliendi popote. Sasa niambie ukweli. Kwa nini huzimi?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Stata imekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu ndiye stata yangu."

Mama akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

"Ungeniambia hilo kule getini," Bibi Afya alisema. "Unadhani ni wewe peke yako? Leo ni onyo, si faini. Nenda kwa fundi, kisha ulete gari lipimwe moshi."

Basi lilikaa gereji. Fundi aliweka stata nyingine, akabadilisha chujio la hewa lililojaa vumbi, akaziba bomba la moshi lililotoboka, akaurekebisha mlango wa nyuma. Ile cherehani ya umeme aliyoitamani mama ikabidi isubiri. Baba alipita kwa wazazi wote, akawaeleza kilichotokea. Baadhi waliwatoa watoto wao. Wengi walibaki. Na lilipopimwa moshi, basi lilipita.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikohoa siku za shule na kupata nafuu siku za mapumziko, usikimbilie chaki. Mpeleke zahanati. Kisha nenda ukanuse pale anapokaa.

Chiriku bado anatembea na dawa yake kwenye mkoba, kama alivyoagizwa. Sasa anakaa kiti cha mbele, nyuma ya baba yake. Siku ya kwanza basi liliporudi getini, baba alizima injini. Kukawa kimya. Mtoto akaanza kuongea. Akaongea habari ya rafiki yake aliyeng'oka jino, na ya paka aliyeingia darasani, mpaka baba akageuka.

"Kumbe una maneno yote haya?"

"Siku zote nilikuwa nakuambia, baba. Injini ilikuwa inapiga kelele. Hata kunuka nilikuambia."

"Kunuka?"

"Nilikuambia kiti cha nyuma kinanuka moshi. Ukasema, ndiyo mwanangu."

Baba akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akageuza mwili wote kumwelekea binti yake.

"Haya," alisema. "Niambie tena. Nakusikia."