Yudesi Hakuuza Maua

Stendi ya Kayanga ilikuwa imefurika: bodaboda, mikungu ya ndizi, spika zikishindana kwa kelele. Dastan, fulana ya kampuni ya rangi ya chungwa ikimbana kifua, alikuwa akigawa vipeperushi vya Soko Moja, programu mpya ya simu ya bei za kahawa. Akageuka ghafla, akamgonga binti mwenye gauni la kitenge cha bluu na utepe wa fundi cherehani shingoni.

Kabla hajaomba radhi, simu ya binti ikaita. Akaipokea, spika ikiwa wazi. Sauti ya mwanamke ikasalimia kwa Kinyambo, akataja bei ya kahawa ya siku ile, akacheka kidogo, akakata.

"Sauti tamu," Dastan alisema. "Ya nani?"

"Ya mama."

"Yuko wapi nikamsalimie mama mkwe?"

"Ihanda. Chini ya migomba, mwaka wa pili sasa."

Dastan alihisi nywele za shingo zikimsimama.

"Ukimaliza kuogopa," binti alisema, "naitwa Ankunda."

Kabla ya kufa, Yudesi, mama yake Ankunda, aliwarekodia maneno vijana wachache wa Kayanga waliotengeneza programu yao ndogo ya bei. Kila asubuhi mashine iliyaunga maneno yale, ikawapigia wakulima. Zilikuja programu nyingine, zenye picha na zawadi. Watu wakabaki na Yudesi.

Tangu siku ile Dastan akawa mteja wa cherehani ya Ankunda. Alipeleka suruali nzima zishonwe.

"Hii haijachanika, Dastan."

"Itachanika, malkia wangu. Naiwahi."

Kisha Soko Moja ikainunua ile programu ndogo, ili iifunge.

"Na asiyetaka yenu?" Ankunda aliuliza kwenye simu.

"Atahamia tu, mpenzi. Hakuna nyingine iliyobaki."

"Basi hiyo si kuchagua. Ni kuswagwa kama ng'ombe." Akaanza kulia. "Na sauti ya mama?"

Dastan hakuvumilia kilio kile. Aliazima kwa Ankunda kadi ya kumbukumbu yenye rekodi za Yudesi, akawaomba wakubwa wake waibakize sauti. Walikubali haraka mno. Hilo lilipaswa kumtisha.

Kahawa ilipotoa maua, jioni moja simu ya Mzee Mwesigwa, baba yake Ankunda, iliita kule Ihanda.

"Mwesigwa," sauti ya mkewe, sasa ikiigwa na mashine ya Soko Moja, ilisema kwa Kiswahili laini kisicho na pumzi, "uza kahawa yako ingali maua. Pesa utapata leo. Dhamana ni kibanja, shamba lako la migomba. Kukubali, bonyeza moja."

Ilikuwa butura, kuuza mavuno kabla hayajazaliwa, jambo ambalo Yudesi alilichukia maisha yake yote. Shemeji yake alipoteza shamba hivyo hivyo. Mzee alishtuka, akakata. Kisha akavaa shati lake la kanisani, akaketi kando ya kaburi, akingoja apigiwe tena. Ankunda alimkuta hapo.

Akampigia Dastan. "Umemfufua mama yangu ili auze kaburi lake!"

"Ankunda, sikujua..."

Akakata.

Dastan alikwenda ofisini. "Wateja wamekubali masharti," bosi alisema bila kuinua macho. Dastan akavua fulana, akaiacha mezani, akadai kadi ya Ankunda akarudishiwa, akapanda bodaboda hadi Ihanda akiwa na singlendi tu.

Akampigia Ankunda akiwa nyuma ya migomba. "Ni mimi."

"Nitajuaje? Hata mama alisikika kuwa yeye."

"Toka unione. Ila funga kwanza mbwa wenu, ananitazama vibaya."

Ankunda alicheka bila kutaka. Mashine isingeogopa mbwa.

Walipofika kaburini, simu ya mzee iliita, akaipokea, na sauti ikarudia yale yale. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya moja.

"Shikamoo, mzee," Dastan alisema. "Muulize jambo kwanza."

"Niache niongee na mke wangu!" Lakini akauliza. "Yudesi, ulisema nini siku ile mdogo wangu alipouza maua?"

Majani ya migomba yakasuguana.

"Ndugu mteja, sijakuelewa. Kukubali, bonyeza moja."

"Mteja?" Mzee alitazama simu, kisha kaburi. "Kanizalia watoto sita, leo mimi mteja?" Akaizima. "Sasa tutajuaje bei?"

"Wale vijana wanaanza upya, nimejiunga nao. Ni programu ndogo, mzee. Ukiichoka, unatoka."

"Itasema kwa sauti ya nani?"

"Yangu," Ankunda alisema. "Nikiwa hai. Nikifa, izimwe."

Dastan akamrudishia kadi. "Nisamehe. Na nikuoe."

"Una kazi?"

"Sina. Ya vijana haina mshahara."

"Una fulana?"

"Sina."

"Afadhali, huna cha kuniuzia. Njoo Jumapili na wazee wako."

Mzee alikohoa, akageukia pembeni kuficha tabasamu.

Ndipo, ng'ambo ya migomba, simu ya jirani ilipoita. Yudesi akasalimia. Ikaita nyingine bondeni, na nyingine mlimani. Marehemu alikuwa akiwaita watu kwa majina, mmoja mmoja, giza likiingia. Mtu akasikika akijibu kwa furaha, "Yudesi! Ni wewe?"

Ankunda akamshika Dastan mkono. Wakakimbia kuifuata sauti ya mama yake, wakipaza zao, kabla mtu hajabonyeza moja.