Jani Jeusi Halina Haraka

Ulimwona. Usinigeuzie uso, ulimwona. Ulikuwa umezama kwenye kiti cha ngozi, miguu umeinyoosha, moshi unakutoka puani kama bomba la kiwanda, na yule dada mwenye sinia akainamia kiwiko chake akakohoa. Ukafanya nini? Ukatazama simu yako. Basi kaa hapo nikusimulie mapenzi yake, maana na hayo uliyapita vilevile.

Alikutana na mwanamume wake kwenye ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege, watu wamebanana, kila mmoja anapaza sauti anataka chake. Yeye alifuata begi la shangazi yake. Alivaa gauni la manjano lenye ukosi mweupe, viatu kavishika mkononi visikanyagwe. Mbele yake kasimama kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, amekumbatia boksi la mbao.

"Dada, taratibu basi. Nimebeba mtoto."

"Mtoto gani hana masikio?"

"Anayo. Amekusikia, amekasirika."

Ofisa wa forodha akataka boksi lifunguliwe. Ndani zimelala sigara nene za Kuba, zimevishwa jani jeusi linalong'aa mafuta. Dada akaziba pua.

"Mama yangu! Mbona zinanuka banda la mbuzi?"

"Bado changa. Jani jeusi lina hasira ujanani. Unazilaza kwenye mbao za mwerezi, unyevu usizidi wala usipungue, halafu unaziacha. Mwaka hadi mwaka pilipili inashuka, inakuja kahawa, inakuja chokoleti chungu. Jani jeusi halina haraka."

"Kumbe wewe ni mvundika ndizi!"

Wakacheka mpaka ofisa naye akacheka. Toka siku hiyo akamwita Vundika.

Vundika alikuwa mtunza stoo ya sigara kwenye klabu ya wenye nazo. Ndiye aliyemtafutia dada kazi ya kuhudumu sebule ya wavutaji, na mama mtu akamshukuru kwa mikono miwili. Sebule ile ina mapazia mazito, zulia jekundu, madirisha yaliyopigwa misumari. Moshi unaingia, hautoki.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu na utani.

"Umeamkaje, jani langu?"

"Jani lako limeamka linauliza litaolewa lini."

"Subira, laazizi. Nakuvundika."

"Angalia nisioze."

Wala haukuwa utani mtupu. Vundika mwenyewe alishamwambia kwamba sigara ikilala kupita kiasi nguvu zote huitoka, ukiiwasha unavuta karatasi. Alilijua hilo la sigara. La mwanamke hakulijua.

Kikohozi kilianza kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha kikahamia na virago vyake. Dada akamwomba meneja waweke feni ya kutoa moshi. Meneja, mtu wa tai ya hariri na maneno laini, akasema feni itakausha sigara za wakubwa. Ila kwa haki, tumuulize mtaalamu. Akaitwa Vundika, mbele ya dada aliyesimama na sinia yake.

Vundika alijua. Sigara zinalala stoo, mlango umefungwa, zina unyevu wake. Feni ya sebuleni isingezigusa hata kidogo. Neno moja tu lilitakiwa. Akamtazama meneja, akatazama zulia.

"Huenda zikadhurika, bosi."

Dada aliweka sinia chini polepole, akavua aproni, akatoka.

Simu ikalia, ikalia. Siku alipoipokea hakusalimu.

"Unataka nini?"

"Kipenzi, ningefukuzwa. Ningekuoa na nini? Nilikuwa nakulinda. Subira huvuta heri."

"Yangu imevuta kohozi." Akakata.

Mvua zikaja, zikapita. Vundika akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kwao mchana kweupe, amevaa suti ya kijivu, ana pete mfukoni. Mama akamkaribisha, akawaachia sebule. Dada alikuwa dirishani, amejitanda shali ya buluu, amekonda, macho yakiwa makubwa kuliko uso. Daktari alishamwambia: kifua kimeliwa, kilichobaki kitunze, usisogelee moshi tena maisha yako.

Alipomwona aliinuka. Alimpenda bado, ndilo linaloniudhi katika habari hii yote. Vundika akamkumbatia, naye akajiachia kifuani kwake. Halafu harufu ya koti ikamfika, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Nitaacha kazi," Vundika akasema, machozi yakimtoka. "Nimekuja kukuoa. Wiki hii, ukitaka."

"Umemwambia meneja ukweli kuhusu feni?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri wakati..."

"Sinia yangu anabeba nani?"

"Kuna binti mpya."

"Anakohoa?"

Vundika akatoa pete mfukoni, akamnyooshea.

"Nakuuliza, mpenzi. Anakohoa?"

"Ameanza."

Dada akaichukua ile pete, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayeaga picha, akamrudishia kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja.

"Ungekuja ukiwa umeshamwambia meneja lile neno moja, ningekufa nikiwa mkeo. Nenda. Na uoge kabla hujamkumbatia mwingine."

Akaenda. Nasikia bado yuko stoo, anageuza sigara zake, jani limezidi kuwa jeusi, wakubwa wanasifia utamu.

Na wewe? Yule binti mpya yumo humo ndani unaposoma mstari huu, na anakuletea kiberiti. Usiniambie utalifikiria. Simama kutoka kwenye kiti hicho, mwite meneja mbele ya wenzako wote, mwambie moshi utolewe leo au mtoke nyote leo. Usisubiri mwingine aanze. Sema sasa hivi, kwa sauti.