Fataki Ndani ya Mpira

Fuso ilikata kona ya Bombambili ikisimamia magurudumu mawili.

Kunegunda hakugusa breki. Hilux yake ilikula vumbi lote, ikabaki na njaa.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Alfani, mkuu wake wa idara, akimwita kwa jina la kazi.

"Kipanga, gari hiyo ikifika mpakani, wanalipua daraja. Tena siku ya gulio."

"Haifiki, Mkuu."

Dereva aliona amebanwa. Akageuza kurudi alikopakia, kiwanda cha mpira cha Ruhuwiko, kama panya anayekumbuka shimo. Kunegunda aliingia getini nyuma yake, bastola ya Glock mkononi, akamlaza dereva chini.

Mzigo ulikuwa mashuka ya mpira mbichi, meusi, yenye uvimbe kila mahali. Taarifa zilisema ndani yake kuna fataki za kulipulia. Kipima chuma kilipita juu kimya, maana maganda yake ni ya plastiki. Akakata uvimbe mmoja kwa kisu. Masizi. Akakata wa pili. Masizi. Uvimbe ulikuwa mamia.

Mhandisi wa kiwanda, mgeni aliyejiita Leo, alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa. Alimweleza kwa dharau ya mtu anayemfundisha mbuzi kusoma. Masizi huchanganywa na mpira ili uwe mgumu, nayo huja kwa madonge. Mapipa mawili ya chuma ya mashine yakizunguka na kuubana mpira, mpira huyavuta madonge mpaka yapasuke. Jana mpira ulipata moto, ukalainika, ukayapita pembeni. Kazi mbovu, basi.

"Kazi mbovu si kosa la jinai, dada. Ondoka kiwandani kwangu."

Redioni Alfani alikuwa mkali vilevile: apate ushahidi sasa hivi, au aiachie gari.

Kunegunda akatabasamu. Alilelewa na mama wa kambo aliyehesabu madonge ya ugali kwa makofi, na mashavu yake yalihitimu mapema. Donge halivunjiki kwenye uji; linaogelea tu. Songa ugali mpaka ukaze, uone kama litapona.

"Mhandisi, mpira umeshapoa?"

"Umepoa."

"Umekaza?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Urudishe kwenye mashine. Safari hii madonge yatapasuka yote."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Leo.

Kunegunda akabonyeza kitufe cha kijani. Mapipa yakaanza kuzunguka, yakinguruma.

Leo akasema mashine ni mbovu. Ilikuwa inazunguka. Akasema inataka mafuta. Kunegunda akamwambia mafuta yatalainisha, na yeye hataki uji. Akabeba shuka, akausogeza ukingo wake mdomoni mwa mapipa.

"Hujui unachofanya," alisema Leo.

"Nifundishe, mwalimu."

Ukingo ukanaswa. Shuka likaanza kuingia. Uvimbe wa kwanza ukapasuka, masizi matupu. Wa pili, masizi. Wa tatu ulikuwa unakaribia.

Leo aliruka. Akaupiga mkono mwekundu wa kuzimia mashine kwa viganja vyote viwili, na mapipa yakafa.

"Mwendawazimu wewe," alisema, akitweta. "Moja ikibanwa, zote zinaitika."

"Zote zipi?"

Akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Pingu zikalia. Kunegunda akainua Motorola.

"Kipanga kwa Mkuu. Leta watu wa mabomu. Daraja watu watavuka."

"Umezipataje?"

"Mwenyewe kanionyesha."

Leo alikuwa bado anaangalia ule uvimbe wa tatu, jasho likimchuruzika shingoni.

"Ungeendelea kweli?"

Kunegunda akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaelekea mlangoni.

"Panda gari, Mhandisi."