Chausiku na Mto wa Sufi

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, nyumba ya Bibi Asha iliamshwa na chafya za mjukuu wake. Zilikuja kwa mfululizo, moja ikiisukuma nyingine, mpaka kuku waliolala jikoni wakaanza kulalamika. Kisha Chausiku, binti wa miaka kumi na miwili, aliketi kitandani, macho mekundu, akijisugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu.

"Haya, askari wa boma ameamka!" Bibi alimtania. "Maliza kupiga saluti, mke mwenzangu, uje tufagie uwanja."

Hizo zilikuwa zama za Wajerumani, Wadachi kama wazee walivyowaita. Gari la moshi lilikuwa limeanza kufika Morogoro si zamani, na mabenchi yake ya mbao yaliwatesa abiria kwelikweli. Bibi Asha aliliona hilo mapema. Alikusanya sufi kutoka kwenye misufi iliyoota nyuma ya nyumba, akaichambua kutoa mbegu, akaipigapiga kwa fimbo mpaka ikafumuka, akashona mito ya kukalia na kulalia. Abiria waliigombania. Msimu wa sufi ulipofika, nyumba nzima ilikuwa na manyoya meupe yanayoelea hewani, na mto mnene kuliko yote Bibi alimpa mjukuu wake.

"Wewe mafua hayakuachi kwa sababu ya ukungu huu unaoshuka Uluguru," Bibi alisema. "Lala kwenye mto mnene, kichwa kikae juu."

Chausiku alipozidi kupiga chafya, Bibi alizidi kuongeza sufi. Alimfukiza kwa majani ya kivumbasi, akamnywesha tangawizi, akamfunika shuka mpaka mtoto akalowa jasho. Usiseme hakumpenda. Alimpenda kupita kiasi!

Mambo yaliharibika mama yake Chausiku alipojifungua mtoto wa kike, akaitwa Pili. Chausiku alikuwa amemsubiri mdogo wake kwa hamu isiyosemeka. Alikuwa ameshachagua hata kanga ya kumbebea. Lakini alipofika mlangoni mwa chumba cha mzazi, Bibi alisimama katikati.

"Hapana, mjukuu wangu. Kitoto kichanga hakishikwi na mtu mwenye mafua."

"Bibi, mimi siumwi! Mwili haujachoka, wala kichwa hakiniumi. Pua inaniwasha tu."

"Ndivyo wasemavyo wagonjwa wote wanaotaka kushika watoto." Chausiku akapiga chafya. "Hiyo je?"

Chausiku alijaribu kubana chafya nyingine. Alikaza midomo, akashika pua, akavimba mashavu, wapi! Ilitoka kwa kishindo, na Pili akaamka akilia. Mama yake alimwangalia kwa huruma kutoka kitandani, lakini hakuweza kumpinga mama yake mzazi. Ikaamuliwa Chausiku aende Mlali, kwa mama yake mkubwa Mwanaasha, mpaka arobaini ya mtoto. Mtoto wa watu aliondoka analia, hajagusa hata kidole cha mdogo wake.

Mjomba Mwinjuma alimsindikiza. Walitembea kutwa, milima ya Uluguru ikiwa kushotoni mwao, na jioni wakafika Mlali. Mama mkubwa Mwanaasha alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye jicho la kuona kila kitu. Alimkumbatia Chausiku, akamkalisha karibu na chungu cha mboga.

"Nimeambiwa nimeletewa mgonjwa," alisema. "Mbona mgonjwa mwenyewe anamaliza ugali wangu?"

Chausiku alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alilala kwenye mkeka, kichwa juu ya kanga iliyokunjwa. Asubuhi aliamka, akashangaa. Hakupiga chafya hata moja. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Ukungu ulishuka kule vilevile, tena mzito na wenye baridi zaidi, lakini pua yake ilikuwa kavu na macho yake meupe. Alitwanga, akachota maji, akashindana mbio na binamu yake Mikidadi, mtoto wa Mama mkubwa, na kumshinda.

"Sasa nimepona!" alisema. "Nitamshika Pili."

Lakini kule Morogoro Bibi Asha alikuwa hapati usingizi. Kila akitazama kitanda kitupu, roho ilimuuma. Mjukuu wake analala bila mto, na baridi yote ile! Mjomba Mwinjuma alipopita tena kwenda Mlali, Bibi alimpa mzigo. Ulikuwa mto mpya, umejaa sufi pomoni, umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Mwambie mke mwenzangu alale vizuri," alisema.

Chausiku aliupokea kwa furaha, akaubusu, akaulalia. Alfajiri nyumba nzima ya Mlali iliamshwa na chafya. Macho mekundu, saluti za askari, machozi yanatiririka. Chausiku alikaa pembeni akalia kwa uchungu.

"Mafua yamerudi, mama mkubwa. Sitamshika tena mdogo wangu."

Bahati nzuri, au mbaya, wiki hiyo Mikidadi naye alishikwa na mafua. Mama mkubwa akawa na watoto wawili wenye pua zinazovuja chini ya paa moja, naye akawatazama kwa zamu, mikono kiunoni. Alimgusa Mikidadi kwenye paji la uso, akakuta joto. Kijana alilalamika koo na viungo, uji hautaki, na makamasi yake yalikuwa mazito. Siku mbili baadaye mdogo wake Mikidadi alikuwa hivyohivyo, na Mjomba Mwinjuma akarudi Morogoro akikohoa.

Chausiku alikuwa tofauti. Mwili wake ulikuwa baridi kama wa mtu mwenye afya. Pua ilitoa maji mepesi tu, na alichosema ni kwamba inawasha, macho yanawasha, mpaka juu ya kaakaa panawasha. Alipiga chafya, kisha akaomba uji wa pili. Tena kufikia mchana, akiwa shambani, alikuwa mzima kabisa.

"Mafua gani haya yanayokwenda shambani yakabaki nyumbani?" Mama mkubwa alijiuliza kwa sauti. "Chausiku, zilianza lini tena?"

"Asubuhi ile niliyolalia mto wa Bibi."

Jioni hiyo Mama mkubwa aliuchukua mto, akaupeleka kwenye banda la mahindi. Chafya zikaisha. Aliurudisha, zikaanza. Aliutoa tena, zikaisha. Wakati huo Mikidadi alikuwa amekwisha kupona, na anachokozana na kila mtu.

"Makubwa haya!" alisema Mama mkubwa. "Mwanangu, wewe huna mafua. Mwili wako na sufi havipatani. Kuna watu wakila dagaa huvimba midomo. Wewe ukivuta vumbi la sufi, pua yako inapigana nalo."

Chausiku alifurahi, kisha uso ukasawijika. "Nani atamwambia Bibi? Mito ndiyo fahari yake. Ataona nimeukataa upendo wake."

"Ukweli tutausema wote wawili," Mama mkubwa alijibu. "Upendo wa mama naujua. Hauvunjiki kwa jambo dogo."

Walilala njiani, wakafika Morogoro asubuhi ya arobaini. Bibi Asha alimkumbatia mjukuu wake mpaka akakosa pumzi. Kisha Mama mkubwa alimweleza yote, taratibu, bila kumkwaza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Mto wangu?" alisema. "Mto unaokimbiliwa na abiria wa gari la moshi ndio unamtesa mtoto wangu? Mwanaasha, usinitanie."

Chausiku alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, naupenda mto wako. Niliubusu ulipofika. Lakini ni kweli. Nikiulalia, pua inawasha. Nikiuacha, sina kitu. Nilikuambia siumwi, Bibi, hukunisikia."

Bibi alimtazama mjukuu aliyetoka Mlali na macho meupe kama maziwa, akakumbuka kila asubuhi ya saluti, na sufi aliyoongeza kila mara. Machozi yakamtoka.

"Jamani! Kwa hiyo nilikuwa nakuchokoza pua kwa mikono yangu mwenyewe, nikidhani nakubembeleza?"

"Hukujua, Bibi."

"Sikujua, lakini na kukusikiliza sikukusikiliza." Alijifuta kwa ncha ya kanga, kisha akaanza kucheka akiwa bado analia. "Haya, mke mwenzangu, njoo."

Alimtoa Pili kitandani, amefungwa kanga mpya, akamweka mikononi mwa dada yake. Chausiku aliketi wima, hapumui. Kitoto kilifumbua macho, kikamtazama, kikapiga mwayo. Mama yao alimshika Chausiku bega, naye akasahau watu wote waliojaa uwanjani kwa ajili ya arobaini.

Tangu siku ile Bibi Asha alichambulia sufi kwenye kibanda cha mwisho wa uwanja, upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Kabla ya kuingia ndani alijikung'uta na kubadili nguo. Chausiku alishonewa mto mwingine uliojazwa vipande vya kanga kuukuu za Bibi, na kila wiki vilifuliwa na kuanikwa juani. Jogoo wa jirani akawa anaamsha watu peke yake.

Masika yalipokuja, Pili alikuwa ameanza kuketi. Asubuhi moja Bibi alimnyanyua ampe dada yake kama kawaida. Chausiku alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Usinipe, Bibi. Leo koo linaniuma na mwili umechoka. Haya ni mafua."

Pili alinyoosha mikono, akaanza kulia. Chausiku naye machozi yalimlengalenga, lakini hakusogea. Bibi alimgusa paji la uso, akakuta linachoma kweli. Alimpa mama yao mtoto, akamfunika Chausiku kanga mabegani, akakaa naye barazani.

"Zamani nilikuzuia mlangoni ukiwa mzima," Bibi alisema. "Leo umejizuia mwenyewe, na mdogo wako anakulilia. Umenifundisha, mjukuu wangu. Mafua huja na joto na uchovu, huambukiza nyumba nzima, kisha huondoka. Kile chako kiliwasha tu, hakikumwambukiza mtu, na kilikaa pale palipokuwa na sufi. Chafya zinafanana, kwa hiyo asiyetazama vizuri hukosea. Na mtoto akisema anavyojisikia, mkubwa anyamaze kwanza amsikilize."

"Na kivumbasi je, Bibi?"

"Kivumbasi leo utafukizwa kwa haki yako," alijibu Bibi Asha, akainuka kwenda kuinjika chungu.