Pikipiki Iliyoishiwa Sevisi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, dereva Kasimiri aliifuta pikipiki ya zahanati ya Mkuyuni mpaka tangi likang'aa. Jioni aliiosha mtoni. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Mkewe Ester, muuguzi wa zahanati hiyo, alizoea kumtania.

"Una mke wa pili, baba watoto. Tena huyo ndiye unayemwogesha!"

Jumamosi moja Kasimiri aliamka na furaha. Siku hiyo alitakiwa kwenda Morogoro mjini kuchukua chanjo ya surua. Ugonjwa ulikuwa umeingia kijiji cha jirani, na watoto wawili walikuwa wamezikwa. Akina mama walishaanza kuteremka mlimani, watoto mgongoni. Chanjo hukaa kwenye barafu, na barafu haimngoji mtu.

Kasimiri akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga mara kumi, akapiga mara ishirini. Jasho likamtoka.

"Basi tena," alisema kinyonge. "Imeishiwa sevisi."

"Sevisi ndiyo nini?" Ester aliuliza.

"Kitu wanachoitilia kule mjini, kwa wakala wa pikipiki. Unaiacha asubuhi, jioni unaikuta imeshajazwa. Kikiisha, haiendi. Nimeandikisha jina. Zamu yangu ni wiki mbili zijazo."

"Wiki mbili? Kasimiri, surua haipangi foleni!"

Sauti ya Ester ilimtoa jirani yao Chausiku nyumbani kwake. Mama huyu alifanya kazi kiwandani mjini. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine na kuzitia oili. Wiki hiyo alikuwa likizo.

"Shikamoo, dada," Kasimiri alisalimia, macho chini.

"Marahaba. Mbona mmeduwaa?"

Kasimiri alipomweleza kwamba sevisi imekwisha, Chausiku alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mdogo wangu, sevisi si uji, useme umeisha chunguni! Sevisi ni kazi. Ni kusafisha, kukaza na kubadili oili. Wewe unaiosha uso tu, tumboni hujaitazama. Spana unazo?"

Zilikuwepo chini ya kiti. Zilikuwa bado zimefungwa karatasi yake, tangu siku pikipiki ilipoletwa. Kasimiri aliona haya, lakini hamu ikamzidi.

"Hii ni plagi," Chausiku alisema. "Inatoa cheche ya kuwasha petroli. Ifungue."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi niko likizo!"

Kasimiri aliizungusha polepole. Plagi ikatoka nyeusi tititi kwa masizi. Aliisugua kwa brashi ya waya, akaifuta mpaka chuma kikaonekana.

"Sasa kichujio cha hewa. Injini inapumulia hapa. Mtu ukimziba pua, atakimbia?"

Kasimiri alikikung'uta. Vumbi la barabara ya Matombo likamwagika miguuni pake. Alirudisha kila kitu mahali pake, akapiga kiki. Pikipiki ikanguruma!

Ester alipiga vigelegele. Kasimiri akarukia kiti.

"Shuka!" Chausiku alimkemea. "Cheni inaning'inia hivyo, ikichomoka kwenye kona je? Zima injini tumalize."

Walivuta cheni mpaka ikabaki ikicheza kidogo tu, kisha wakaitia oili. Injini ilikuwa imepata joto, kwa hiyo Chausiku alisema huo ndio wakati mzuri wa kumwaga oili ya zamani. Ilitoka nyeusi, nyepesi kama maji.

"Oili mpya tutaipata wapi leo?" Ester aliuliza.

Kasimiri alikuna kichwa. Akaingia ndani, akatoka na kopo lililojaa. "Nililiweka niwapelekee kule kwa wakala. Nilidhani wao tu ndio wanajua kuitia."

Walicheka wote watatu. Kasimiri akamimina mwenyewe, akapima kwa kijiti chake. Oili haikupita alama ya juu.

"Kwa hiyo kwa wakala nisiende tena?"

"Utakwenda. Injini ikigonga ndani, au gia zikikataa, usiipasue. Mpelekee fundi. Lakini haya uliyoyafanya leo ni yako, kama kupiga mswaki. Na mtoni usiipeleke tena. Maji yakiingia kwenye plagi na kichujio, utapiga kiki mpaka mguu uote sugu."

Kasimiri aliondoka akiimba. Pikipiki ilipanda vilima bila kukohoa, naye moyo ulimdunda kwa furaha kila alipobadili gia. Saa nane mchana alirudi na sanduku mgongoni. Ester alilifungua kwa haraka. Barafu ilikuwa bado ngumu.

Alasiri ile watoto walilia zahanati nzima. Kila mmoja alipochomwa sindano, Kasimiri alipiga makofi, mpaka mama mmoja aitwaye Rosa akamwuliza kama ana akili timamu.

Tangu hapo, kila Jumamosi Kasimiri huvaa kaptura kuukuu na kutoa spana. Bwana shamba wa kata huja na pikipiki yake, wakafanya kazi pamoja. Zamu ya kwa wakala ilipofika, Kasimiri alimwachia mtu mwingine.

Masika yalipokwisha, surua ilikuwa imepita vijiji vitatu vya tarafa ile. Mkuyuni halikuchimbwa hata kaburi moja la mtoto.