Mke Wangu na Sahihi ya Mwandishi

"Huyu Revelian ni nani?"

Sekela alikuwa anavaa viatu. Mumewe, Wilbert, alisimama mlangoni mwa chumba chao cha Temeke, kitabu wazi mkononi.

"Mwandishi. Hiyo sahihi yake."

"Sahihi gani hii? 'Kwa Sekela, kwa upendo. Tuonane tena Jumamosi.' Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Na unakwenda wapi?"

"Tamasha la vitabu, Kinondoni. Nimekuambia tangu Jumatatu. Twende wote."

"Mie nikatambulishwe kwa mwenzangu?"

Sekela hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili. Alichukua mkoba wake akaondoka.

Saa tano alikuwa ukumbini, anacheka na watu asiowajua, kwa sababu mwandishi mmoja alikuwa anasoma habari za mbuzi aliyekula cheti cha ndoa. Hapa hakuna aliyemwuliza chumvi iko wapi. Simu ikatetemeka: ujumbe wa Wilbert.

"Nimeshampigia mama yako. Kikao kesho saa nane mchana. Aje akuchukue."

Kicheko kikakatika. Miaka kumi na moja ya ndoa, watoto watatu, na mama yake hajui mzaha. Akiitwa kumchukua mtoto wake, anakuja na gari la mizigo.

Wakati wa mapumziko Wilbert akaingia, mikono ya shati ameikunja kama yuko bandarini Kurasini anagombania kontena.

"Yuko wapi?"

"Pale mezani. Panga foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya wapenzi wake. Si umeona walivyo wengi?"

Wilbert akapenya mbele.

"We braza, rudi nyuma!" akafoka bibi mmoja mwenye bakora. "Sie tumesimama tangu saa ngapi?"

Akarudi nyuma ya bibi. Zamu ya bibi ilipofika, Wilbert akachungulia begani kwake. Kwa Mwanaheri, kwa upendo. Tuonane tena Jumamosi.

"Hata huyu bibi?"

"Wote," alisema Revelian bila kuinua kichwa. "Kila Jumamosi ya tamasha nasoma hapa. Nikimtungia kila mtu maneno yake, foleni haiishi. Nimwandikie nani?"

"Wi... Wilbert."

Akaandikiwa upendo wake.

Sekela alikuwa anamsubiri pembeni.

"Mpigie mama. Weka spika."

"Mke wangu, watu..."

"Ulipokuwa unaruka foleni hukuwaona?"

Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mwanaume umemkamata?"

"Nimemkamata, mama. Na mie ameniandikia."

"Unasemaje?"

"Nimekosea. Ni mwandishi, anaandika hivyo kwa kila msomaji. Naomba tuahirishe kikao."



"Kikao kipo palepale, baba. Ila tutakayemjadili ni wewe."

Akakata.

Mwandishi mwingine alikuwa ameshapanda jukwaani. Sekela akarudi kwenye kiti chake. Wilbert akamfuata, akasimama.

"Tumeyamaliza?"

"Bado."

Akautoa mkoba kwenye kiti cha pembeni.

"Kaa. Na zima simu, watu wanasikiliza."