Faili la Darasa la Sita

Kila asubuhi kabla ya kengele, wenye zamu ya usafi katika Darasa la Sita walinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, ndipo wafagie. Juma lile zamu ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili ambaye shule nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa akinyunyiza maji huku akimsimulia mwenzake, Mrefu, kisa cha paka wa jirani aliyekula sabuni.

Ghafla alinyamaza. Hilo peke yake lilimshtua Mrefu.

Maji hayakutuama. Yalikimbilia katikati ya chumba, yakaingia kwenye ufa mwembamba kama uzi, yakapotea. Chiriku alipiga magoti, akatega sikio. Kimya. Kisha, baada ya muda mrefu mno, akasikia tone likidondoka huko chini. Sauti yake ilikuwa ya mbali na ya baridi, kama ya tone linaloangukia ndani ya jumba lisilo na watu.

Halafu kitu kikagonga. Du. Kikatulia. Du. Du.

"Umesikia?" Chiriku alinong'ona.

"Sijasikia kitu na sitaki kusikia!" Mrefu alijibu, naye tayari alikuwa mlangoni.

Kufikia saa ya mapumziko, habari ilikuwa imezagaa. Kila mmoja alikumbuka jambo lake. Chaki ikianguka darasani, hata iangukie pembeni, huviringika hadi katikati. Wanaokaa katikati huhisi ubaridi ukiwapanda miguuni hata mchana wa jua kali. Mwanafunzi mmoja aliapa kwamba zamani mtoto alipotea shuleni hapo, na sasa anabisha hodi afunguliwe. Watoto wawili walikataa kurudi darasani, wakaenda kuwaita wazazi wao.

Mwalimu Mkuu alimwita Chiriku ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewatisha wenzako kwa habari za mizimu?"

"Mimi sikusema mizimu, Mwalimu. Nilisema kuna kitu kinagonga."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akayasugua macho yake yaliyochoka. Hakuwa mkali, ila wazazi walikuwa wamemjia juu tangu saa ya mapumziko. "Mimi nimeingia chumba kile, sikusikia kitu. Niambie ukweli. Ulisikia, au ulitunga?"

Chiriku alijua jibu lipi lingemtoa mle ofisini upesi.

"Nilitunga, Mwalimu."

Alilirudia neno hilo mbele ya shule nzima mstarini. Wengine walicheka, wengine walipumua. Lakini siku hiyohiyo, katikati ya somo la hesabu, wakati darasa zima likiandika kimya, sauti ilikuja chini ya dawati lake. Du. Du. Du. Kalamu zilisimama. Mrefu alimtazama, naye akamtazama Mrefu, kisha wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyethubutu kusema, maana kuanzia sasa atakayesikia ataitwa mwongo mwenzake. Chiriku aliona wazi kwamba neno lake moja lilikuwa limefunga midomo ya darasa zima.

Nyumbani aliishi na bibi yake, fundi cherehani ambaye utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Jioni ile bibi alishona gauni zima bila kuulizwa swali hata moja. Akasimamisha cherehani.

"Mjukuu wangu, leo ulimi umeuacha wapi?"

Chiriku alilia, akasema yote, pamoja na uongo wake. Bibi hakucheka wala hakufoka.

"Mambo ya mizimu mimi siyajui," alisema. "Majengo nayajua kidogo, babu yako alikuwa fundi mwashi. Shule ya serikali haijengwi kwa maneno matupu. Lazima kuna ramani, na ramani iko mahali."

"Mwalimu wa uraia alitufundisha," Chiriku alisema, akijipangusa kamasi. "Alisema mwananchi yeyote ana haki ya kuomba kumbukumbu za ofisi za serikali. Kuna sheria."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, na tuliandika madaftarini."

"Basi kesho ukitoka shule tunakwenda."

Ofisi ya Majengo ilikuwa jengo refu la kijivu, lenye ukumbi mtupu ambamo hatua za mtu zilirudi zikimfuata. Karani wa mapokezi aliwasikiliza huku akipanga mihuri yake.

"Mama, mafaili ni siri ya ofisi."

"Siri ya ofisi, sawa. Na wanaokaa juu ya siri hiyo ni nani?" Bibi aliegemea kaunta. "Mwanangu, anayesoma katika chumba kile ni huyu. Kama sheria inanikataza kuona ramani ya darasa la mjukuu wangu, niandikie hapa kwamba umenikatalia, utie sahihi. Nitaondoka kwa amani."

Karani aliutazama utepe wa kupimia kana kwamba ungemnyonga. Akafungua droo, akatoa fomu. Chiriku alijaza kwa mwandiko wake bora: ramani na ripoti zote za ukaguzi za Darasa la Sita. Bibi akatia sahihi. Karani akaigonga muhuri, akawapa nakala. "Ofisi ina siku kumi na nne za kujibu," alisema.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Sauti ilibadilika. Sasa baada ya kugonga kulifuata mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti gizani. Ufa uliokuwa kama uzi ukawa unameza kidole. Chiriku alimwendea Mwalimu Mkuu tena, lakini hata kabla hajamaliza sentensi aliambiwa, "Hadithi hiyo tumeshaifunga." Nani angemlaumu? Mwenyewe ndiye aliyesema alitunga.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, bibi alikuja kumwombea ruhusa. Ofisi ilikuwa imeita.

Mtunza kumbukumbu alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, aliyezungumza kwa sauti ya chini kama aliye wodini. Aliwaongoza kushuka ngazi hadi chumba cha chini. Rafu za chuma zilisimama safu kwa safu, na taa ziliwaka pale tu walipopita, kisha zikazimika nyuma yao moja baada ya nyingine. Hewa ilinuka karatasi kuukuu na unyevu. Chiriku alimshika bibi kanga.

"Nimekaa humu miaka mingi," mtunza kumbukumbu alisema, akivuta faili la rangi ya udongo. "Kila faili lina karatasi ya kuandika majina ya waliolifungua. Hili hapa, tazameni."

Karatasi ilikuwa tupu.

Alilifungua juu ya meza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua ya mwalimu mkuu wa zamani, ya miaka kumi na tisa nyuma, kabla Chiriku hajazaliwa. Chiriku aliisoma kwa sauti, na sauti yake ikazidi kupungua:

"Wanafunzi wanasema wanasikia kitu kikigonga chini ya sakafu. Chaki ikianguka huviringika hadi katikati ya chumba. Wanaokaa hapo wanalalamikia baridi miguuni."

Ilikuwa kana kwamba mtu aliyekaa kwenye dawati lake zamani hizo alikuwa akimsemea sikioni.

"Fungua mbele," bibi alisema taratibu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa ramani. Chini ya Darasa la Sita palichorwa mraba mkubwa mweusi: tangi la maji la zamani, lenye kina kama urefu wa nyumba ya ghorofa, lililofunikwa kwa zege wakati shule inajengwa. Nyuma yake ilikuwepo ripoti ya mhandisi. Nguzo za tangi zinaliwa na maji. Mfuniko hautadumu. Mstari wa mwisho ulipigiwa mistari miwili: Chumba hiki kisitumike kabisa.

"Saa ngapi sasa?" bibi aliuliza.

"Saa tano na nusu," mtunza kumbukumbu alijibu, na uso ukambadilika. "Wako darasani?"

"Wote," Chiriku alisema.

Mtunza kumbukumbu alitoa nakala, akazigonga muhuri, akawapakia kwenye gari la ofisi. Walipofika shuleni, Chiriku aliingia kwa Mwalimu Mkuu bila kubisha hodi, akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu, siku ile nilidanganya. Sikutunga. Nilisema nilitunga kwa sababu niliogopa. Tafadhali soma."

Alisoma. Alipofika kwenye ile mistari miwili alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Hakupiga kengele. Alikwenda mwenyewe hadi mlangoni pa Darasa la Sita, akasema kwa utulivu, "Acheni kila kitu. Tokeni mmoja mmoja, mkipita kandokando ya ukuta."

Walitoka arobaini na watatu. Wa mwisho alikuwa Mrefu.

Alasiri wahandisi walitoboa tundu pembeni mwa sakafu na kushusha taa. Chini kulikuwa na maji meusi yasiyo na mwisho, na juu yake mbao za zamani zilizoelea, zikigonga nguzo kila maji yalipotikisika. Nguzo mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka. Siku ya pili yake, shule ikiwa imefungwa, sakafu yote ilizama. Majirani walisema kishindo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu anayeshusha pumzi.

Masomo yalipoanza tena, kwenye mahema uwanjani, Mwalimu Mkuu aliita wanafunzi na wazazi mstarini.

"Nilipohamia hapa, chumba kile kilikuwa stoo," alisema. "Nikakiona kizuri, nikakifanya darasa. Sikuuliza kwa nini kilifungwa. Mtoto aliponiambia alichosikia, nilimbana mpaka akaona uongo una usalama kuliko ukweli. Chiriku, naomba radhi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Wanangu," Mwalimu aliendelea, akiinua zile nakala, "ukisikia jambo, lishikilie hata ukichekwa. Kisha usibaki na hofu, tafuta kilichoandikwa. Mhandisi yule alilipwa na umma, akaandika kwa ajili ya umma. Karatasi hizi zilikuwa zetu tangu siku zilipotiwa wino. Kwa miaka kumi na tisa zilikuwa na jibu, na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuziomba."